Middletown na Pemba: nani avuke mpaka, mtoto au mtaalamu?

Wazazi wa Pemba wenye watoto wa usonji (autism) wanapokutana, ombi la kwanza huwa ni jengo. Wanataka kituo chenye lango na kibao, chenye vyumba vya kulala, mtoto apelekwe huko apokewe na watu wanaoijua kazi yao. Wengine wanakwenda mbele zaidi: maadamu wataalamu ni haba kila mahali, kwa nini Pemba, Tanga na pwani ya Kenya zisiwe na kituo kimoja cha pamoja? Watu ni wale wale, lugha ni ile ile, na bahari iliyo katikati wavuvi wanaivuka miaka nenda miaka rudi.

Nusu ya ombi hilo naiunga mkono kwa moyo wote. Nusu ya pili, ile ya vyumba vya kulala, naipinga. Sababu zangu nimezipata kwenye kisa cha mbali, cha Middletown huko Ireland, cha serikali mbili zilizoanzisha kituo cha usonji mpakani, zikanunua jengo, zikapanga malazi ya watoto, kisha malazi yakakwama na kazi isiyohitaji kitanda hata kimoja ndiyo iliyosimama. Nakieleza kisa hicho kwa urefu kwa sababu anayetaka kuomba kiwanja Chake Chake au Wete anafaa akijue kabla hajaandika barua.

Kisa chenyewe

Middletown ni kijiji cha Kaunti ya Armagh, Ireland Kaskazini, karibu kabisa na mpaka wa Jamhuri ya Ireland. Ng'ambo ya mpaka ni Monaghan. Kwa takriban miaka 30 ukanda ule ulikuwa wa vizuizi vya jeshi, barabara zilizofungwa na mazishi. Mgogoro wa Ireland Kaskazini uliua watu wapatao 3,500. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa tarehe 10 Aprili 1998 ulileta, pamoja na mengine, Baraza la Mawaziri la Kaskazini na Kusini, na elimu ikatajwa miongoni mwa mambo ya kushirikiana. Ndani ya elimu, watoto wenye mahitaji maalumu walipewa nafasi yao. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Watu waliokuwa hawaaminiani kwa jambo lolote walikubali kuanzia kwa mtoto ambaye shida yake haina upande.

Kila serikali ilikuwa tayari imeunda kikosi chake cha kuangalia hali ya watoto wenye usonji. Ripoti ya Jamhuri ilitoka mwaka 2001, ya Kaskazini mwaka 2002. Mwaka huo huo wa 2002 mawaziri wawili wa elimu, Martin McGuinness wa Kaskazini na Michael Woods wa Jamhuri, wakatangaza kwamba kituo cha pamoja kitakuwa Middletown. Mwaka 2004 wizara mbili zikanunua kwa pauni milioni 3 majengo yaliyokuwa ya masista wa St Louis. Mwaka 2007 ikaundwa kampuni ya kukiendesha kituo, ikiwa na bodi yake na waajiriwa wake, na mafunzo ya kwanza kwa walimu yakaanza kutolewa.

Tulia kidogo kwenye tarehe hizo. Kutoka tangazo mpaka somo la kwanza ilipita miaka mitano. Mtoto aliyekuwa na miaka minne mawaziri walipopiga picha alikuwa na tisa pale mwalimu wa kwanza alipokaa kwenye kiti cha mafunzo. Kwa mtoto mwenye usonji miaka hiyo mitano ina thamani kubwa, maana bado ni ya kujifunza kuwasiliana. Muda mwingi ulikwenda kwenye ardhi, majengo na hati.

Lipo pia la kupongeza. Oktoba 2002 bunge la Ireland Kaskazini, lililoko Belfast, lilisimamishwa na halikurudi mpaka Mei 2007. Waziri aliyetangaza mradi hakuwa tena na wizara, lakini mradi haukufa. Watumishi wa wizara mbili waliendelea nao kimya kimya kwa sababu ulikwishafungwa kwenye makubaliano ya kiserikali, haukuwa ahadi ya mtu mmoja jukwaani. Sisi Wazanzibari tunajua jinsi mambo mema yanavyoweza kulala pale upepo wa siasa unapogeuka, kwa hiyo hilo la kuandikiana mapema tulichukue kama lilivyo.

Palipokwama

Kituo kilipangiwa kazi nne: kuwafundisha na kuwashauri walimu na wazazi, kufanya utafiti na kusambaza taarifa, kuwafanyia watoto tathmini ya kielimu, na kuwasaidia kimasomo watoto wenye hali ngumu zaidi kwa kuwaweka pale kituoni kwa muda, kisha kuwarudisha kwao. Kazi mbili za mwanzo zilihitaji watu, vitabu na gari. Mbili za mwisho, kwa namna zilivyopangwa, zilihitaji majengo kufanyiwa matengenezo makubwa, vitanda, wapishi na walezi wa usiku.

Uchumi wa Jamhuri ya Ireland ulianguka vibaya baada ya mwaka 2008, na mwaka 2009 serikali yake, iliyoko Dublin, ikasitisha fedha za awamu hiyo ya majengo na malazi. Kaskazini haikuweza kuendelea peke yake, kwa kuwa mradi ulikuwa wa wawili na bajeti ilikuwa ya wawili. Mafunzo yaliendelea. Utafiti uliendelea. Vitanda vilibaki kwenye karatasi.

Ingekuwa ni fedha tu, mtu angesema wasubiri hali itengemae wajenge. Lakini palikuwa na swali ambalo baadhi ya wazazi na watetezi wa watoto walikuwa wakiliuliza tangu mapema, nalo ndilo lililonifanya nibadilishe msimamo wangu wa zamani wa kutaka bweni. Waliuliza: mtoto ambaye kubadilishiwa kikombe kunamvuruga siku nzima, unamtoa nyumbani kwao, unamlaza kwenye jengo geni miongoni mwa watu wageni, unamfundisha huko, halafu unamrudisha kwenye darasa lile lile lililomshinda. Umefanya nini?

Anayefundisha watoto hawa analijua vizuri jambo lenyewe. Mtoto mwenye usonji aghalabu hujifunza kitu kikiwa kimeshikana na mahali pake. Akifundishwa kuomba maji kwa kutoa kadi yenye picha ya gilasi, kwenye chumba fulani, kwa mwalimu fulani, anaweza kuwa hodari kabisa mle chumbani. Mpeleke jikoni kwa mama yake, kadi ile ile mkononi, atalia kwa kiu na kadi asiitoe. Hajasahau. Kwake yeye kadi ni ya kile chumba. Lazima afundishwe tena jikoni, na tena skuli, na tena kwa bibi. Basi kama kazi ya jikoni haikwepeki, ni bora kuanzia jikoni.

Huko ndiko Middletown ilikoelekea hatimaye. Mpango ulirekebishwa na kituo kikaunda timu ya wataalamu wa fani tofauti wanaofanya kazi kama mtu mmoja: mwalimu, mtaalamu wa usemi na mawasiliano, na mtaalamu anayemsaidia mtoto katika kula, kuvaa, kushika kalamu na kuvumilia kelele au mguso. Mamlaka ya elimu inampendekeza mtoto ambaye skuli imejaribu kila njia ikashindwa, na timu inamfuata alipo. Inakaa darasani kwake, inakwenda kwao, inazungumza na mwalimu na wazazi, inaacha mpango, inarudi kuutazama. Kinachobadilishwa zaidi ni watu wazima wanaomzunguka mtoto na namna siku yake inavyopangwa. Kwa walimu na wazazi wengine, wa pande zote mbili za mpaka, yapo mafunzo, mengi sasa kwa njia ya mtandao.

Kuna jambo jengine ambalo kisa hiki kinalionesha, na nadhani halizungumzwi vya kutosha. Mafunzo yalivuka mpaka kwa wepesi. Huduma ya mtoto mmoja mmoja haikuvuka hivyo, na kwa muda mrefu ilielemea zaidi upande wa Kaskazini. Kaskazini mtoto anakuwa na hati ya kisheria inayoeleza mahitaji yake na wajibu wa mamlaka ya elimu. Jamhuri ina utaratibu wake mwengine, baraza lake la elimu ya mahitaji maalumu lililoundwa mwaka 2003 na sheria yake ya mwaka 2004. Mwalimu akienda kusoma ng'ambo ya mpaka hahitaji sheria mbili zikubaliane. Anarudi na alichojifunza kichwani. Mtoto akipelekwa, ataulizwa karatasi ni ya nani, gharama ni ya nani, na likitokea la kutokea ni nani mwenye dhamana.

Mipaka ya Pemba

Pemba ina mipaka mitatu ya namna tatu, na mradi wowote wa pamoja utalazimika kujua unavuka upi.

Wa kwanza ni mkondo kati ya Pemba na Unguja. Wizara ni moja, ya Elimu na Mafunzo ya Amali, yenye afisi yake Pemba, na kisheria hapana mpaka wowote. Lakini muulize mama aliyesafiri na mtoto wa miaka mitano asiyesema, kwenye boti iliyojaa, injini inanguruma, watu wanatapika, mtoto amejifunika masikio anapiga kichwa kwenye kiti na abiria wamegeuka wote wanamtazama. Kwake yeye mpaka upo.

Wa pili ni wa Pemba na Tanga, yapata kilomita 50 za maji. Nchi moja, wizara mbili. Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano; elimu ya juu ndiyo, na Baraza la Mitihani pia. Kwa hiyo mwanafunzi wa Pemba anafanya mtihani wa kidato cha nne wa baraza moja na mwenzake wa Tanga, lakini mtoto wa usonji wa Pemba hana njia rasmi ya kupokewa na skuli ya Tanga yenye kitengo cha elimu maalumu zaidi ya mzazi kujuana na mtu.

Wa tatu ni wa Kenya, mpaka kamili wa nchi na nchi. Hata hivyo kwa watu wetu ndio ambao pengine umevukwa zaidi kwa miguu ya ukoo. Wapemba wako Shimoni, wako Kilifi, wako Mombasa kwa vizazi, na mwaka 2023 Kenya iliwatambua rasmi kuwa moja ya jamii zake. Mtoto wa Micheweni akiumwa na shangazi yake yuko Mombasa, safari inapangwa jioni ile ile.

Sasa hesabu kidogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kadirio hilo likishika kwetu, Pemba pekee ina zaidi ya watu 4,000 wenye usonji, wakubwa kwa wadogo. Tuseme tumepata bweni na limejengwa vizuri, vitanda 30, tena kila mtoto akae muhula mmoja apishe mwenzake. Mtoto wa mwisho kwenye foleni atafikiwa akiwa na ndevu.

Hatuanzi patupu lakini. Zanzibar ilianza majaribio ya elimu mjumuisho, yaani ya kuwasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao, mwaka 2004 katika skuli chache, kwa msukumo mkubwa wa wazazi na wa Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, na mwaka 2006 tukapata sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu. Pemba tunavyo vituo vya walimu: Michakaeni, Mitiulaya, Mizingani. Hivyo ni majengo yaliyokwishajengwa, yenye walimu wanaoingia na kutoka, na sioni kwa nini jengo la kituo cha pamoja litafutwe kwengine.

Karatasi kutoka Mombasa

Nitaeleza kilichotokea kwenye skuli moja ya upande wa Wete, bila kuitaja, kwa kuwa kinaonesha mahali hasa ambapo mambo hukatika.

Mtoto ni wa kiume, wa darasa la kwanza. Mama yake alikwenda naye Mombasa kwa dada yake, wakampeleka kwa wataalamu, na akarudi na bahasha yenye kurasa tatu za Kiingereza. Kabla ya hapo safari zilikuwa nyengine: alisomewa, alifukiziwa, alipelekwa kwa mzee mmoja kusini mwa kisiwa. Simlaumu mtu hapo. Mzazi anapoona mtoto aliyekuwa na maneno kumi amebaki na mawili, anabisha kila mlango anaoujua, na mlango wa dua hauna ubaya. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mapema kwamba jambo hili lina jina, ni namna ubongo ulivyoumbika, na halikuletwa na jicho la mtu wala na alichokula alipokuwa mjamzito.

Aliileta bahasha skuli. Mwalimu wa darasa alikuwa na watoto zaidi ya 70 na mkondo wa mchana ulikuwa unasubiri nje. Alizisoma kurasa zote, taratibu, amesimama.

"Inasema nini hasa, mwalimu?"

"Inasema tusimshitue, mama. Kila kinachokuja aambiwe kabla. Na kelele zinamuumiza."

"Hilo hata bibi yake analijua," mama alijibu. "Ndiye anayemwonesha kanga kabla ya kutoka, ajue wanakwenda dukani."

Mwalimu aliliokota neno hilo la kanga, na hapo ndipo nilipoona kazi. Alikata boksi la biskuti, akachora kwa kalamu ya wino picha tano: daftari, kikombe, mpira, daftari tena, na mlango. Alizibandika ukutani pembeni mwa dawati la mtoto, na kila jambo likimalizika mtoto anaigeuza picha yake ikatazama ukuta. Lililobaki lilikuwa ni zamu za mchana. Skuli zetu nyingi zina mikondo miwili, na dakika ile ya kupishana ni ya mtihani: kengele ya rimu ya gari inapigwa kwa chuma, watoto wa asubuhi wanatoka mbio, wa mchana wanaingia mbio, madawati yanaburutwa. Kila siku mtoto alikuwa akikimbilia barabarani. Mwalimu akaanza kumtoa na dada yake mkubwa dakika chache kabla ya kengele. Mbio zikapungua sana. Hazikuisha.

Hiyo ndiyo kazi ambayo timu ya Middletown hufanya ikifika darasani. Mwalimu wa Wete aliifanya kwa boksi la biskuti, peke yake, bila mtu wa kumwambia amepatia wapi na amekosea wapi, na bila yeyote wa kumpigia simu wiki mtoto alipoanza kujing'ata mkono. Mwalimu kama huyo ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kupelekewa mtaalamu.

Ila karatasi ya Mombasa iliishia skuli. Saa nane mtoto yule anakwenda chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Huko wanakaa mkekani kwa makumi, kila mmoja anasoma sura yake kwa sauti, na sauti zote zinapanda kwa pamoja. Kwetu ni sauti ya baraka. Kwake yeye ni maumivu. Alikuwa anaziba masikio na kuyumba, na kwa miezi mwalimu wa chuoni alimhesabu kuwa mtoto asiye na adabu, kwa kuwa hapana aliyemwambia kitu. Mradi wowote wa usonji utakaoletwa Pemba ukiwafundisha walimu wa skuli na kuwasahau wa chuoni utakuwa umeiacha nusu ya siku ya mtoto. Ireland haiwezi kutufundisha hilo. Tunalijua sisi.

Nini kivushwe

Wataalamu wapo pwani na bara, wachache na waliotawanyika. Kenya ilianzisha vituo vyake vya tathmini ya kielimu kwa watoto wenye ulemavu mwaka 1984, na taasisi yake ya elimu maalumu ilianzishwa Nairobi mwaka 1986. Bara kuna chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Dar es Salaam, skuli ya msingi ya Msimbazi Mseto ina kitengo chenye uzoefu wa watoto wa usonji. Lushoto, ndani ya mkoa wa Tanga, kuna skuli ya Irente Rainbow. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayehitaji kuhamia Pemba. Wanahitaji kufika kwa ratiba, mara kadhaa kwa mwaka, walale Chake Chake, wazunguke na walimu wetu skuli kwa skuli, kisha kati ya safari na safari wapatikane kwa simu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mwenyeji hapa ni mwalimu wa darasa, na dawa ni kutazamwa akifanya kazi yake na mtu aliyekwishaifanya.

Kitu cha pili cha kuvusha ni vifaa vya tathmini na kufundishia, na hapa pwani yetu ina utajiri ambao Belfast na Dublin hawakuuhitaji: Kiswahili. Vipimo vingi vya usonji vimetungwa kwa Kiingereza, kwa watoto wa kule. Kuvifasiri hakutoshi. Kipimo kinauliza kama mtoto anamtazama mtu mzima machoni. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mkubwa, na mpimaji asiyelijua hilo atamwandikia alama ya usonji mtoto mwenye heshima zake, au, kinyume chake, atasema mtoto mwenye usonji ana haya tu, atakua. Kadi za picha zinakuja na mashine ya kuchomea mkate na mtu wa theluji. Mtoto wa Kojani anataka kadi ya muhogo, ya ngalawa, ya ndoo ya maji, ya kofia ya kwendea msikitini. Seti moja ya kadi iliyochorwa vizuri ingetumika Wete, Tanga, Kwale na Kilifi bila kubadilisha hata picha moja, na gharama yake ikigawanywa kwa pande tatu ni ndogo kuliko ya kuezeka bweni.

Cha tatu ni taarifa za mtoto. Mama yule angerudi na ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye kueleza kinachomtisha mtoto, kinachomtuliza, namna anavyoomba kitu na nini kimekwishajaribiwa, angeweza kumpa mwalimu wa skuli nakala, wa chuoni nakala, na daktari nakala. Wataalamu wa pande zote wakubaliane kuutumia ukurasa huo huo. Aushike mzazi mwenyewe, na asomewe kila neno lililoandikwa kabla hajaridhia liende kwa mtu mwengine. Vijiji vyetu ni vidogo na jina la mtoto halikawii kusambaa.

Vipi kuhusu wazazi waliochoka? Najua wanaoomba bweni hawaombi kwa kukosa mapenzi. Mama asiyelala usiku kwa miaka anaomba kupumua. Middletown haikulipatia jibu hilo, na mimi sina la kutosha. Lililo karibu ni kuwa na nyumba ya kufikia karibu na kituo cha walimu, mama na mtoto walale humo pamoja siku tatu nne wakati timu iko Pemba, mama afundishwe yeye, tena akutane na mama wengine ambao hawatamshangaa. Na shehia zitafute vijana wa kike na wa kiume wa kufundishwa kumkalia mtoto saa mbili, mama akalale. Bweni litakalomtenga mtoto litampa mama usingizi wa muhula mmoja, kisha atarudishiwa mtoto ambaye yeye mwenyewe hajui kuzungumza naye.

Mkataba na fedha

Hapa Middletown inafundisha kwa mazuri yake na kwa makosa yake. Kampuni yenye bodi moja ilikipa kituo mwajiri mmoja, hesabu moja na sauti moja, na ndiyo iliyokibakisha hai. Lakini bajeti iliyofungamanishwa mno ilimaanisha hazina moja ikikohoa, zote zinalala. Kwetu, ambako bajeti za wizara hukatwa katikati ya mwaka, sioni busara ya kuanza na kampuni ya nchi mbili. Ningeanza na hati ya makubaliano kati ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali na wenzake wa bara, mkoa wa Tanga ukiwa wa kwanza, na upande wa Kenya ukaingia kwa njia ya mafunzo, ambayo haihitaji kumhamisha mtoto wala kupatanisha sheria. Kila mtaalamu abaki na mwajiri wake na mshahara wake, aazimwe kwa siku za safari. Kila upande ulipie kazi iliyo kwenye ardhi yake. Tanga ikikwama mwaka mmoja, walimu wa Pemba waliokwishafundishwa waendelee kufundisha wenzao Michakaeni, na kadi ziendelee kuchapwa.

Mwaka wa kwanza nisingegusa mtoto hata mmoja nje ya wilaya yake. Ningetafuta walimu wanane, wawili kwa kila wilaya ya Pemba, skuli na chuoni kwa nusu kwa nusu, wale ambao tayari wana mtoto kama huyu mbele yao. Ningewapa timu ya wageni wiki moja kila muhula na namba ya simu ya mtu anayepokea. Wizara iwapunguzie vipindi, jambo ambalo halina gharama ya saruji lakini ndilo gumu kulipata, maana mwalimu mkuu mwenye upungufu wa walimu hatakubali kwa maneno matupu. Anahitaji barua kutoka afisi ya wizara Pemba yenye jina la mwalimu, siku zake na atakayeshika darasa lake.